Papa Fulgence na Komunike ya Furaha

Bwana Sébastien, mwenye tanuri la mikate, alikataa kiti alichopewa. Alisimama katikati ya ofisi ya redio, kofia mkononi, akasema alilokuja kusema: tangazo la mkate wake lisisomwe tena.

"Miye ninalipa kila mwezi," alisema. "Mulinipatia nafasi ya bei kali, ile ya kisha komunike ya vifo. Mulisema Bunia yote iko inasikiliza ile saa. Basi, munionyeshe mutu moja tu mwenye alisikia mukate yangu. Moja tu!"

Aliyeulizwa ni Bruno, mkurugenzi wa redio. Alimgeukia Fulgence, msomaji wa komunike, na Fulgence akakitazama kikombe chake cha chai ya tangawizi. Kila siku saa sita mchana kinanda cha kanisani hupigwa kidogo redioni, kisha Fulgence huanza kusoma majina ya waliofariki, familia zao, mahali pa matanga na saa ya maziko. Saa hiyo mafundi huweka nyundo chini. Wenye pikipiki hupunguza mwendo, na mama wauzaji sokoni huwanyamazisha wateja kwa mkono. Jina la mwisho likishasomwa tu, Fulgence huingia moja kwa moja kwenye mkate wa Sébastien. Kwa akili ya Bruno, hapakuwa na nafasi nzuri kuliko hiyo katika mkoa wote wa Ituri.

"Patron," Fulgence alisema kwa ile sauti yake nzito ya kutoa pole, "mukate yako ninaisomaka na heshima yote."

"Njo shida yenyewe! Unaisoma na heshima. Juzi bibi yangu mwenyewe alisikia, akaniuliza: mukate yetu ilikufa?"

Bruno akaangua kicheko, kisha akakumbuka ni nani anayelipia mafuta ya jenereta, akakoma. Akambembeleza Sébastien, akamwita kaka, akamwita mzee, ingawa Sébastien alikuwa mdogo wake kwa umri. Mwishowe mwenye mikate akakubali kungoja mpaka mwisho wa mwezi, akavaa kofia yake, akatoka bila kumpa Fulgence mkono.

"Umesikia, Papa Fulgence," Bruno alisema mlango ulipofungwa. "Mukate ya huyu mutu njo inakulipa. Kama anatoka, nitaweka Yannick asome kitu yote, komunike, publicité ya mukate, kitu yote. Iko kijana, iko na moto. Weye utapumzika."

Yannick alikuwa mtangazaji wa muziki, kijana mwenye sauti ya kuchezacheza, asiyekaa kimya hata akiwa anakula. Fulgence hakuwa na chuki naye. Lakini neno kupumzika alilisoma redioni kila siku kuhusu watu wengine, na hakulipenda lilipoelekezwa kwake.

 

Alirudi nyumbani Mudzipela kwa miguu, akisalimiana na watu njiani, jambo ambalo kwake halikuwa rahisi. Sauti ya Fulgence ilikuwa imetangaza misiba mingi mno mjini. Alipomwambia mama mwuza nyanya, "Habari ya mchana, mama," yule mama alishika kifua kwa mikono yote miwili.

"Papa Fulgence! Ni nani?"

"Hakuna mutu, mama. Ninakusalimia tu."

"Siku ingine uanze kwa kukohoa," alisema yule mama, akiketi juu ya kreti kupata pumzi. "Utaniua na salamu."

Akanunua nyanya ambazo hakuzihitaji, ili kumtuliza. Ndivyo maisha yake yalivyokuwa. Kwenye arusi ya mpwa wake walimwomba kwa upole asishike maikrofoni. Akimpigia mtu simu, aliyepokea huanza kulia kabla hajasema shida yake, hata kama shida yenyewe ni kuazima jembe. Fulgence, ambaye kwa tabia ni mtu wa utani na mpenzi wa kucheza dansi, alibaki na utani wake tumboni kwa kukosa wa kumfanyia.

Nyumbani alimkuta mkewe, Émilienne, akikoroga bukari, yaani ugali, na binti yao Gracieuse akimenya vitunguu. Gracieuse alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo kikuu, idara ya mawasiliano, na kwa wiki kadhaa alikuwa akizunguka mtaani na wanafunzi wenzake, wakiketi katika nyumba za watu asubuhi na mchana. Baba alijua ni kwa ajili ya mémoire yake, andiko la kumalizia masomo. Mada hakuijua, kwa sababu kila alipouliza, binti alikumbuka kwamba kuna nguo za kuanua.

Siku hiyo, alipomaliza kusimulia habari za Sébastien na Yannick, Gracieuse aliweka kisu chini.

"Papa, usikasirike. Ile yenye siye tunachunguza, ni redio yenu."

"Redio yetu inafanya nini?"

"Tunaangalia namna watu wanasikiliza. Professeur alisema tusiulize tu, juu watu wakiulizwa wanasema ile yenye itakupendeza. Alisema tukae nao mu nyumba, tuangalie mukono." Akanyoosha mkono wake mwenyewe, akazungusha vidole hewani. "Mukono ku bouton ya redio. Saa gani wanaongeza, saa gani wanapunguza, saa gani wanazima."

"Na saa sita?"

"Saa sita wanaongeza wote. Hata mutoto akilia wanamutoa nje." Akasita. "Lakini weye ukimaliza jina ya mwisho, wanazima."

"Wanapunguza," baba alisaidia.

"Wanazima, papa. Karibu wote."

Fulgence akakataa. Akasema watu wa Bunia wana adabu, hawawezi kumzimia mtu katikati ya sentensi. Akasema watafiti wamekwenda kwenye nyumba za watu wasiopenda mkate. Alikuwa anatafuta sababu ya tatu alipomwona Émilienne akikoroga bukari iliyokwisha kuiva, macho ndani ya sufuria.

"Mama Gracieuse?"

"Nini?"

"Hata weye?"

Émilienne akaacha mwiko. "Papa Gracieuse, nifanye namna gani? Ukitaja mutu, mi ninapashwa kujua ni wa nani. Ninazima, ninakimbia kwa Mama Dorothée: huyu mwenye amekufa, ni ule wa Gety ao ni mwingine? Tunaulizana, tunapiga simu. Mukate nitaisikia saa gani?"

"Miaka yote hii?"

"Lakini majina ninasikiaka yote," alisema Émilienne kwa upole. "Yote, hata moja haipiti."

Gracieuse aliuma mdomo asicheke, akashindwa. Émilienne akafuata. Fulgence alijitahidi kukunja uso, lakini alipofikiria ule mji mzima ukizima redio kwa pamoja huku yeye peke yake akiendelea kuusifu mkate kwa heshima zote, mabega yakaanza kumtikisika. Walicheka mpaka bukari ikashika chini ya sufuria, wakaila hivyo hivyo.

Baada ya kula, Gracieuse aliwaeleza yaliyobaki. Watu hawachukii matangazo ya biashara, alisema. Tatizo ni pale yanapowekwa. Msiba ukitajwa, mtu anataka kuongea na mwenzake, na redio inakuwa kelele. Kisha wao wanafunzi walikuwa wameuliza swali moja: mngependa redio isome nini ambacho haisomi? Majibu yalifanana nyumba kwa nyumba. Mtoto amezaliwa. Fulani amepata diploma. Lori la Mambasa limefika salama na watu wake wote. Mahari imepokelewa.

"Mama moja aliniambia hivi," alisema Gracieuse. "Redio inajuaka tu wenye walikufa. Siye wenye tuko, hatujulikane."

Fulgence aliinuka kukusanya sahani. Maneno hayo yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli, na redio yenyewe ilikuwa yeye.

"Na mukate?" akauliza mwishowe.

"Mukate inakuja kisha furaha. Mutu mwenye anafurahi hazimi redio. Njo tunafikiri, lakini inapashwa kujaribu."

 

Bruno alikubali jaribio kwa sababu hakuwa na lingine. Kipindi kilipewa jina Komunike ya Furaha, kikawekwa saa kumi za alasiri, watu wanapoanza kuwasha moto wa chakula. Professeur wa Gracieuse alikuja mwenyewe kueleza mpango, na Sébastien, ambaye hakuamini hata neno moja, alisema kwa vile mwezi umekwisha kulipwa wasome wanavyotaka. Bruno alitaka Yannick asome. Gracieuse akaomba asome baba yake, kwa kuwa ndiye watu wanayemwamini.

Komunike ya kwanza ilikuwa tamu. Binti wa Mama Dorothée, yule jirani wa Émilienne, alikuwa amezaa mapacha, mama na watoto wote wazima. Fulgence aliiandaa siku nzima. Alifanya mazoezi ya kutabasamu mbele ya kioo cha pikipiki ya Yannick. Saa kumi ilipofika akasogea kwenye maikrofoni, akatabasamu mpaka mashavu yakamwuma, akaanza:

"Familia ya Mama Dorothée wa Mudzipela inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki wote, wa hapa na wa mbali..."

Msomaji wa mahali pengine hataona ubaya wowote. Mtu wa Bunia amekwisha kushika kichwa. Ni maneno yale yale ya komunike ya vifo, kwa mpangilio ule ule, na sauti ni ile ile. Mudzipela haikungoja mwisho wa sentensi. Kilio kilianza nyumba ya kwanza, kikaruka ua kwenda ya pili, na habari ya mapacha ilipotajwa hakuna aliyebaki na sikio la kuisikia. Tangazo la mkate lilisomewa watu waliokuwa wanagaragara chini.

Fulgence alipofika mtaani jioni ile alikuta turubai limefungwa mbele ya nyumba ya Mama Dorothée. Viti vya kanisa vilikuwa vimepangwa. Mpwa mmoja wa Mama Dorothée, Aimé, alikuwa ameleta kuni, kwaya ya akina mama ilikuwa imefika na sare zao nyeusi, na chini ya turubai kulikuwa na sukari, majani ya chai na mikate mingi sana, kwa kuwa mtu haendi matangani mikono mitupu. Katikati ya hayo yote, binti aliyezaa alikuwa ameketi mlangoni akinyonyesha pacha mmoja, akiwatazama waombolezaji wa mama yake kwa mshangao.

"Papa Fulgence!" Mama Dorothée alimjia mbio, kitenge kikimlegea kiunoni. "Umeniuaka miye ku redio!"

"Mama, nilisema mapasa. Nilisema ni furaha."

"Nani alisikia furaha? Dada yangu wa Gety yuko mu njia na sanduku ya maiti!"

Watu waligeuka wote kumtazama. Fulgence alitamani ardhi ipasuke. Alivua kofia, akasema kwa sauti ambayo haingeweza kuwa nyingine, "Ndugu zangu, niko naomba musamaha kabisa," na mwanamke mmoja wa kwaya, kwa mazoea tu, akaanza kulia upya.

Hapo ndipo Mama Dorothée alipocheka. Alicheka akainama, akashika magoti, na kicheko kikawashika wa karibu, kisha wa viti vya nyuma. Kwaya ikaombwa iimbe kitu kingine. Kuni zilikuwepo, chai ilikuwepo, mikate ilikuwepo, na watu walikuwa wamekwisha kufika, sasa warudi kufanya nini? Wakakaa. Mapacha walipitishwa mkono kwa mkono, na Fulgence, ambaye hakuna aliyekumbuka kumkataza, alicheza dansi na mkewe chini ya turubai la matanga. Ilikuwa sherehe nzuri kuliko nyingi zilizopangwa.

 

Kesho yake Bruno hakuona cha kuchekesha. Alisema redio imekuwa kichekesho cha mji, na kwamba Yannick atachukua kiti cha saa kumi. Kama mambo yatakwenda vizuri, atachukua na cha saa sita.

"Papa Fulgence, weye ni mutu muzuri," alisema. "Lakini sauti yako inanuka kaburi. Utanisamehe."

Yannick aliinamisha kichwa kwa aibu. Fulgence aliosha kikombe chake, akakifuta taratibu, akakirudisha kabatini. Nyumbani hakuweza kula, na Émilienne, ambaye angeweza kumsema kwa kuacha chakula kizuri, alimwekea sahani kando na kukaa karibu naye.

"Kama wananitoa pale," Fulgence alisema, "nitafanya kazi gani? Mutu gani ataniajiri, na hii sauti?"

"Itapatikana," alisema Émilienne, lakini machozi yalikuwa yamemlenga.

Gracieuse aliyasikia hayo kutoka chumbani, na yalimwumiza sana, kwa kuwa wazo la jaribio lilikuwa lake. Alikwenda kwa professeur wake akamwambia utafiti umeshindwa. Professeur akamjibu kwamba jaribio likikataa ndipo kazi inapoanza: watu waliposikia, walilia neno la ngapi? Gracieuse akafikiri. Walilia kabla ya habari yenyewe.

Basi yeye na wenzake wakarekodi habari moja kwa namna mbalimbali, wakazipeleka kwa akina mama wa kanisa, kwa waendesha pikipiki, na kwa familia zilizokimbia vita kutoka Djugu zinazoishi kambini pembeni ya mji. Walipowasikilizisha Yannick, watu walicheka, wakafurahi, kisha wakaulizana: ni kweli ao kijana anacheza? Walipowasikilizisha Fulgence peke yake, wakashika vichwa. Lakini katika rekodi moja Gracieuse alimwomba Mama Dorothée apige vigelegele kwanza, kwa sauti yake mwenyewe, aseme jina lake na furaha yake. Ndipo Fulgence akaingia kuithibitisha. Hapo mikono ilikwenda kwenye redio na kuongeza sauti. Mwendesha pikipiki mmoja aliomba apewe ile sauti kwenye simu, amtumie mama yake.

"Wanataka kusikia furaha kwa mwenyewe," Gracieuse alimwambia Bruno, akiwa amesimama mbele ya meza yake. "Kisha wanataka Papa aseme kama ni kweli. Na wanataka kuituma ku simu. Directeur, komunike moja ingine tu. Muite Patron Sébastien akae hapa, asikilize."

"Sébastien atakuja," alisema Bruno. "Lakini atasoma Yannick. Sitaki tena matanga."

Gracieuse akabisha, Bruno akatikisa kichwa. Hilo likabaki hivyo.

 

Siku ya mwisho ya jaribio Sébastien aliketi chumba cha matangazo, safari hii amekubali kiti, mikono kifuani. Yannick alikuwa mbele ya maikrofoni. Fulgence alikuwa amekuja kwa saa sita yake, akabaki uani karibu na jenereta, akijifanya anaangalia mafuta. Ndiye aliyemfungulia geti mwanamke mmoja aliyefika amechoka, viatu vyekundu kwa vumbi, mfuko mmoja begani.

"Ni hapa wanasomaka komunike ya furaha?"

"Ni hapa, mama. Karibu."

Mwanamke akashtuka, akamtazama usoni. "Ile sauti," alisema. "Ni weye Papa Fulgence?"

Fulgence akajiandaa kusema kwamba hakuna aliyekufa. Lakini mwanamke hakushika kifua. Alimshika mkono, akaung'ang'ania.

"Miye ni Rebecca," alisema. "Weye ulitangaza kama nilikufa."

Akaeleza pale pale uani, huku Gracieuse akitoka kusikiliza na Bruno akichungulia mlangoni. Kijiji chao cha Djugu kilipokimbia, kila mtu alishika njia yake. Yeye alijikuta na watu wa ziwani, wakavuka mpaka Uganda. Mama yake na kaka yake Antoine walifika Bunia, wakaambiwa na mtu kwamba ameonekana ameanguka njiani. Wakalipia komunike, Fulgence akaisoma, wakafanya matanga bila mwili, wakaendelea mpaka Mambasa. Sasa amerudi. Namba ya Antoine aliipata kwa watu, akampigia.

"Alikata simu," alisema Rebecca. "Nikapiga tena. Akasema, muache kucheza na marehemu yetu, nyiye wezi. Nikamwambia ni miye, kaka. Akasema, Papa Fulgence alimusoma." Akacheka, machozi yakimtiririka. "Wananiambia ulinisoma vizuri sana. Mama alifurahi namna ulisema jina yangu."

Fulgence hakumkumbuka. Alikuwa amesoma wengi mno. Akaingia kuchukua kikombe chake cha chai, akampa.

Bruno akamwita. "Ingia, mama. Yannick atakusoma sasa hivi."

Rebecca akamtazama Yannick kupitia mlango, kijana na vipokea sauti vyake shingoni, akatikisa kichwa.

"Hapana. Huyu wataamini namna gani? Ninataka huyu papa mwenye aliniuaka."

Yannick, kwa heshima yake, hakungoja kuambiwa. Alinyanyuka kwenye kiti, akakipangusa kwa mkono, akasema, "Papa, karibu." Bruno akamtazama Sébastien, Sébastien akamtazama Bruno, na saa ikagonga kumi.

Fulgence akaketi. Gracieuse akamweka Rebecca karibu ya maikrofoni, akamnong'oneza kwamba inapashwa kuanza na vigelegele.

"Nani atanipigia? Sina mutu hapa."

"Jipigie, mama."

"Nijipigie mwenyewe?"

"Jipigie."

Rebecca akafunga macho. Cha kwanza kilitoka kidogo, cha mtu mwenye aibu. Akavuta pumzi, akapiga cha pili, na hicho kilijaza chumba, Yannick akalazimika kupunguza sauti kwenye mitambo. "Miye ni Rebecca," akasema. "Niko."

Ndipo Fulgence akaingia. Hakutabasamu kwa nguvu, wala hakuanza na ndugu, jamaa na marafiki.

"Ni miye, Fulgence. Kuna siku nilisoma hapa kama Rebecca, binti wa Djugu, dada ya Antoine mwenye iko Mambasa, amekufa. Haikuwa kweli. Rebecca iko muzima. Ninamuona na macho yangu, iko amekaa hapa mbele yangu, anakunywa chai yangu. Mama ya Rebecca, futa machozi. Antoine, usikate tena simu. Miye mwenye nilisema kama alikufa, niko ninasema: iko."

Sauti ilikuwa ile ile, nzito, ya saa sita. Ila neno la mwisho lilipotoka lilikuja na kicheko, kicheko cha Fulgence mwenyewe alichokificha miaka yote, na hakuweza kukizuia. Katika kicheko hicho hicho akasoma tangazo la mkate wa Sébastien, akakosea bei, akaomba radhi, akasoma tena. Gracieuse alikuwa amekwisha kuituma ile sauti kwa simu yake, kwenye namba ya Antoine, na kwenye simu hiyo hiyo majibu ya wenzake waliokuwa wameketi katika nyumba za watu yalianza kuingia, moja baada ya jingine.

"Hawajazima," alimwambia Bruno. "Mudzipela, hawajazima. Ku kambi, hawajazima. Wameongeza."

Sébastien alikuwa anajifuta uso kwa kofia yake. "Nitalipa," alisema. "Mwaka yote. Lakini asome huyu, na acheke vile vile."

Fulgence alimsikia, na moyo wake ulijaa, lakini hakupata nafasi ya kumshukuru. Simu ya Rebecca ilikuwa inalia. Ilikuwa namba ya Antoine. Rebecca aliitazama bila kuigusa, kisha akaisukuma mezani mpaka mbele ya Fulgence.

"Zungumuza weye kwanza," alisema. "Miye ananikataaka."

Fulgence akapokea. "Allô."

Hakuwa Antoine. Ilikuja sauti ya mwanamke mzee, ya mbali, yenye woga.

"Papa Fulgence? Ni weye kweli?"

"Ni miye, mama."

"Ile yenye umesema ku redio. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Iko hapa."

Rebecca akasogea karibu na simu.

"Aksanti, papa," alisema yule mzee. "Mungu akubariki. Sasa nyamaza, unipatie mutoto wangu."

Fulgence akanyamaza, akampa.